Simu Mkononi mwa Mjukuu



Mwezi uliopita binti wa dada yangu, mwenye umri wa miaka 16, alimrekodi bibi yake kwa simu katika fleti yetu ya Husby, hapa Stockholm. Aliiegemeza simu kwenye rundo la vitabu karibu na dirisha, akaiwahi nuru, kwani jua letu la Desemba huzama kabla ya saa 9 alasiri. Akauliza swali moja: “Bibi, na wewe bibi yako alikuwa nani?” Kisha akanyamaza. Sisi watu wazima hatujui kunyamaza, tungelimjibia.

Mama akasema jambo ambalo miaka yote hii hakutuambia sisi wanawe. Bibi yake aliletwa Pemba akiwa mtoto mtumwa kutoka pande za Ziwa Nyasa, na baadaye akawa suria wa bwana yule yule ambaye jina lake hupamba kila orodha ya nasaba niliyoiweka humu.

Video hiyo ya dakika 6 ilipofika katika kundi la ukoo, simu zililia kutoka Unguja, Mombasa na Maskati. Ifutwe! Mtoto kafundwa nini huko Ulaya?

Naandika kusema kwamba isifutwe. Aliye na haki ya kuifuta ni Mama peke yake, nami nilimwendea kumuuliza. Alinijibu: “Kaniuliza, nimemjibu.”

Wanaodai kwamba kujisimulia hadharani ni uzungu na wamkumbuke Salme binti Said. Zama zake wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, si kuandika. Alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1886 kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani, na humo hakuficha kwamba mama yake alikuwa suria wa Kicherkesi. Leo tunamtaja kwa fahari. Suria mweupe hatumwonei haya; haya yetu huanzia Nyasa.

Na wala hadithi hii si ya kale sana. Amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya utumwa kisheria Unguja na Pemba iliwaacha masuria nje. Walingoja hadi 1909. Mikono iliyomlea Mama ni ya mwanamke aliyengoja.

Iko sababu nyingine, nayo ni ya hapa tunapoishi. Mei 2013, baada ya polisi kumpiga risasi na kumuua mzee wa miaka 69 hapa Husby, magari yalichomwa usiku baada ya usiku, na kamera za dunia zikaja. Ziliondoka na picha za moto. Watoto wa mtaa huu wamekua wakisimuliwa na watu waliokaa nao siku tatu. Tukiwapokonya simu na sisi wazee wao, watajisimulia wapi?

Kuwasaidia si kuwaandikia maneno ya kusema. Mimi nimefanya madogo tu. Nimemnunulia kipaza sauti cha kubana kwenye nguo, maana jokofu la Mama hunguruma kama mashine ya kusaga. Nimemwonyesha kuhifadhi nakala mbili mahali pawili mbalimbali. Tena tumekubaliana kwamba asiyeombwa ridhaa haonyeshwi uso wake. Kukata na kuunganisha ni kazi yake mwenyewe, na hapo nimeumia kidogo: ameiacha yote ile sehemu ambapo Mama analitafuta jina la bibi yake, kikombe cha kahawa mkononi, hata msikilizaji akadhani video imekwama. Mimi ningeikata. Nimeitazama mara ya tatu, nikashukuru kwamba sikuulizwa.

Jina lililopatikana ni moja, nalo ni lile alilopewa na waliomnunua. Alilozaliwa nalo Mama hakuwahi kuambiwa. Hilo moja nimeliandika katika ukurasa wa nasaba, ubavuni mwa jina la bwana, na wanaotaka kunipigia simu wanayo nambari yangu. Jumamosi mjukuu atarudi kwa bibi yake na swali la pili. Sijui ni lipi.