MEDALI YA BABU ISIUZWE BILA JINA



Siku ya posho iliyopita, tulipokuwa tunakagua masanduku ku interna, tulikuta katika sanduku la mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu kitu kimefungwa ndani ya kitambaa. Tuliogopa kwanza, tukafikiri ni risasi. Kumbe ni medali ya shaba, imekuwa nyeusi, utepe wake umeliwa na mende. Kijana alisema ni ya baba ya babu yake, aliyekuwa asikari wa Force Publique na kufika Abisinia katika 1941. Ku mji kuko mtu mwenye kununua vitu vya namna hii, naye alitaka kumpelekea juu ya minervali.

Jioni ile maneno yalikuwa mengi. Wamoja walisema: ni kitu cha wakoloni, kitupwe ku choo. Wengine: auze tu, medali hailiwi. Sisi hatukubaliane na wale wala hawa.

Wale wa kwanza wako na neno la haki. Force Publique ilikuwa fimbo ya Leopold II juu ya wazee wetu, wakati wa mpira, na hatutaki kulificha. Lakini asikari wa jeshi lile lile walitembea kwa miguu mpaka Tabora, wakaingia 19 Septemba 1916. Wamoja walishika Albini, bunduki ya zamani ya kupiga risasi moja moja, yenye moshi mwingi unaoonyesha adui pahali umejificha. Kuitambua si nguvu: ku nyuma ya mtutu kuko kifuniko kinachoinuliwa kwenda mbele, kama kifuniko cha sanduku. Mauser ya 1889, iliyotengenezwa Herstal, inaingia risasi tano, na mtutu wake umevalishwa bomba lingine la chuma. (Wengi wetu tukiona pupu ya mwindaji tunasema ni bunduki ya vita. Hapana.) Jenerali Tombeur, aliyewaongoza, aliongezewa jina la mji ku jina lake: Tombeur de Tabora. Asikari wake je? Na wapagazi waliobeba mizigo, wakafia njiani?

Basi njo hapa tunataka kusema neno letu. Waingereza, katika vita ya 1914-1918, walichonga jina na namba ya asikari pembeni ya medali. Hata leo mtu akiiokota atajua ni ya nani. Wabelgiji, kwa kawaida, hawakuandika jina. Medali ya babu yako na ya jirani ni sawasawa. Jina liko ku karatasi tu, kama karatasi ingali, na katika kinywa cha watu wa nyumbani. Siku inapotoka nyumbani bila jina, imekuwa shaba tu. Mnunuzi ataiweka katika kabati pamoja na kofia za chuma na vitu vingine, na hakuna mtu atakayejua tena kwamba mwenyewe alipita ku Nile na kuona Waitalia wakiweka silaha chini kule Saïo, Julai 1941.

Tena tunaungama kosa letu. Kwa kutaka kusoma maandishi, tulisugua ile medali na majivu na ndimu. Iling'aa kweli! Halafu mwalimu wetu wa historia alitugombeza: ile rangi nyeusi ni umri wake, na tulipoisugua tulikula pia herufi. Msifanye kama sisi. Kitambaa kikavu, basi.

Juu ya silaha hatuna mabishano. Medali na kofia, sawa, zikae nyumbani. Bunduki, hata yenye kutu, hata ya Tabora, hapana. Huku kwetu bunduki si hadithi ya zamani, na mtu akiikuta kwako usiku hatauliza ni ya mwaka gani. Risasi iliyofukuliwa ku shamba, usiiguse. Ita mtu mkubwa.

Mwaka wa 2022 mfalme Philippe alikuja Kinshasa akamvalisha nishani koplo Albert Kunyuku, mzee wa karibu miaka 100. Fikirini wangapi walikwisha kufa bila kuulizwa hata neno moja.

Kijana tulimrudishia medali yake. Kama jamaa yake wakikata shauri ya kuuza, ni haki yao. Minervali ni minervali, na sisi hatuna cha kumlipia. Ila tulimwomba aandike kwanza. Ku biblioteka tumeweka kaye moja yenye jalada ya bluu. Andika jina la mzee, kijiji, vita aliyopigana, nani alikusimulia. Mpaka leo kuko majina mane, na moja halina kijiji: mwenyewe amekwenda kumwuliza nyanya yake ku likizo ya Pasaka.