Kabla ya kugawa vifaranga Kakuma, tuzungumze kivuli na maji

Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufika nyuzi 45. Februari 2025 ikazifunga tena baada ya wanafunzi kuzirai. Wengi wetu hapa Kakuma na Kalobeyei tuna ndugu huko na tulizifuatilia habari hizo. Lakini kuku wanapokufa kwa joto uani, hakuna anayetoa tangazo. Mwenye kuku huwazika au huwatupa, na jirani husema ni ugonjwa.

Hasara hiyo sasa ni kubwa kuliko zamani. Mwaka 2025 mgao wa chakula ulipunguzwa, kisha kaya zikapangwa katika makundi yasiyopata sawa. Mwaka huo huo Kenya ilizindua Mpango wa Shirika, unaotaka wakimbizi na wenyeji wajitegemee pamoja. Kwa familia isiyo na shamba, kujitegemea mara nyingi huanza na kuku watano. Kuku ni ada ya shule na dawa ya mtoto. Wakifa watatu mchana mmoja, akiba ya miezi imekwisha.

Sisi wa mashirika tuna sehemu yetu ya lawama. Tunapiga picha siku ya kugawa vifaranga, na banda tunaliacha liwe la mabati matupu, dogo na la chini, lililozibwa pande zote kwa hofu ya wezi na paka wa mwituni. Kuanzia Januari hadi Machi mchana wa Turkana hupita nyuzi 35 mara nyingi, na ndani ya banda la namna hiyo ni zaidi. Kuku hatoi jasho. Mwili wake kwa kawaida una nyuzi 41 hivi, na hujipoza zaidi kwa kutweta mdomo wazi, maji yatoke na pumzi. Ukimwona ametanua mabawa na anahema upesi, tayari yuko taabani. Kuku wa nyama, mzito na mwenye kukua haraka, hufa kwanza. Wa kienyeji huvumilia zaidi, ingawa naye ana kikomo.

Dawa ya banda si ghali. Pande mbili ziwe wazi kwa wavu au fito zilizosukwa karibu karibu, na juu ya mabati itandazwe nyasi au makuti. Fito ni suala nyeti. Ugomvi wa kuni na miti kati yetu na wenyeji wa Turkana ni wa miaka mingi, na mgunga uliokatwa kwa ajili ya banda unaweza kuuamsha. Mathenge ndio mti wa kutumia: umeenea kupita kiasi, na wafugaji wenyewe wanaulalamikia. Hata hivyo, muulize mzee wa eneo kabla ya kushika panga.

Maji ndiyo magumu. Kuku mmoja hunywa kama robo lita kwa siku ya baridi, na kwenye joto kali huzidisha mara mbili au zaidi. Kuku kumi watamaliza lita tano, yaani robo ya mtungi. Kipimo kinachotumiwa na mashirika kambini ni lita 20 kwa mtu kwa siku, na kipimo hicho hakina kuku ndani yake. Kwa hiyo anayepanga mradi wa kuku bila kuzungumza na watu wa maji amemwachia mama wa nyumba achague nani anywe. Maji ya kuoshea mchele au mboga, yasiyo na sabuni, yanafaa. Yaweke kwenye chungu cha udongo, kivulini, na uyabadilishe saa sita. Na kwa kuwa hewa yetu ni kavu, gunia lililoloweshwa na kutundikwa upande unakotoka upepo hupoza kweli. Penye unyevu mwingi lisingesaidia sana.

Chakula wape alfajiri na jioni. Kusaga chakula tumboni huongeza joto mwilini, kwa hiyo kuku aliyeshiba saa nne anaingia saa nane akiwa na mzigo mara mbili. Mayai yaokote mara kadhaa kwa siku. Yakiachwa kwenye joto, lenye mbegu huanza kukua kisha hufa, na mnunuzi akilivunja hatarudi kwako.

Tena, si kila kifo ni joto. Kuku akipinda shingo, akiharisha kijani, na wenzake wakifuata hata usiku wa baridi, shuku kideri. Watenge wagonjwa, usiwapeleke sokoni, na umwite afisa wa mifugo. Chanjo ya kideri ni ya kuku wazima, nayo hutolewa asubuhi mapema, kabla jua halijapanda.