Kimombo ni Blanketi

Wacha tuache kudanganyana. Kila wiki kuna mtu kwenye simu yangu ananihimiza nitoke pale nilipozoea: niache kazi, nifungue biashara, nipande mlima. Sawa. Lakini sisi tunaojiita waandishi, lini tutatoka kwenye Kimombo?

Mimi nilijifunika humo miaka minane. Hadithi zangu zikitoka, nilipongezwa na watu walewale ambao mimi pia huwapongeza. Halafu siku moja mama akaniambia, "Hebu nisomee hiyo wanayoisifu." Ilikuwa inamhusu yeye na kibanda chake cha mboga. Nikaanza kutafsiri, nikakwama sentensi ya tatu. Akanitazama, akasema, "Basi, utanisomea siku nyingine," akaendelea kukata sukuma wiki.

Niliogopa nini? Aibu. Shuleni tulivishwa kibao shingoni kwa kuongea lugha ya nyumbani. Na mwalimu wa Kiswahili alisoma makosa yangu ya ngeli mbele ya darasa, wenzangu wakacheka hadi machozi. Nikaamua Kiswahili ni cha matatu na soko, karatasi niiachie Kiingereza.

Sasa mtazame Ngũgĩ wa Thiong'o. Kufikia 1977 alikuwa na jina duniani kwa riwaya za Kiingereza. Angetulia tu hapo. Lakini mwaka huo yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika mchezo wa Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu, ukaigizwa na wanakijiji wenyewe kule Kamĩrĩthũ, Limuru. Serikali ikaupiga marufuku, na Desemba haikuisha kabla hajatiwa kizuizini bila mashtaka. Petals of Blood, iliyotoka mwaka uleule, iliusema utawala vikali kwa Kiingereza, ikavumiliwa. Mchezo ambao mkulima aliuelewa haukuvumiliwa. Na huko gerezani Kamiti, akaandika riwaya nzima kwa Kikuyu juu ya karatasi za choo.

Yeye alihatarisha uhuru wake. Sisi tunaogopa kuambiwa tumekosea ngeli!

Najua utasema Kiswahili si lugha ya mama yako. Kwani Kiingereza ulikinyonya? Utasema wewe ni mtu wa Sheng. Basi andika Sheng, andika Kidholuo, andika Kikamba. Utasema pesa ziko kwa Kiingereza. Hapo sikatai, kodi ya nyumba hailipwi kwa uzalendo. Lakini usiniambie umekaa huko kwa sababu ya pesa, na hujawahi kulipwa hata shilingi. Umekaa kwa sababu kuna joto, na kwa sababu wale unaowaandika hawawezi kusoma wakakwambia umewakosea.

Mwaka jana niliiandika upya ile hadithi kwa Kiswahili. Ilinichukua miezi mitatu kuandika kurasa kumi na moja, na bado ina makosa. Nilimsomea mama jikoni. Alicheka mahali ambapo sikukusudia, akanyamaza mahali ambapo sikutarajia. Nilipomaliza akasema, "Ni nzuri. Lakini bei ya sukuma umedanganya, na mimi siwezi kumjibu mteja hivyo."

Miaka minane ya pongezi, na hakuna aliyewahi kunirekebisha hivyo. Nimeanza kuiandika tena.

Wewe je, mama yako amesoma nini chako?