Barua ya Wazi kwa Jaji Mfawidhi: Suluhu ya Deni Isiachwe Nje ya Mahakama

Kwa Jaji Mfawidhi,
Mahakama Kuu ya Tanzania, Masijala Ndogo ya Arusha.

Yah: Maelezo ya suluhu yaambatane na hati ya wito

Mdaiwa aliyeshtakiwa kwa mkopo bado anayo nafasi ya kupatana na aliyemkopesha. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inaruhusu pande mbili kulimaliza shauri kwa maelewano. Balaa huanza pale mapatano yanapofanyika kwa simu au ofisini kwa mkopeshaji, huku shauri likiendelea kusikilizwa kana kwamba hakuna kilichozungumzwa.

Kwa wafanyabiashara wa Levolosi na soko la Kilombero, deni la namna hii mara chache hutokana na kadi ya mkopo. Kwa kawaida ni mkopo wa kuongeza mtaji, uliochukuliwa kwa kampuni ndogo au kwa mtu binafsi, na dhamana yake ni kadi ya pikipiki, friji la dukani, au kadi ya benki iliyokabidhiwa pamoja na namba ya siri. Mikopo yenye riba kali watu wameipa jina la kausha damu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwaweka wakopeshaji wasiopokea amana katika daraja la pili, chini ya usimamizi wa Benki Kuu, na ukomo wa riba yao ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wa shilingi 2,000,000, hiyo ni riba ya shilingi 70,000 kwa mwezi. Mkataba wa asilimia 20 unadai shilingi 400,000. Kwa hiyo maswali ya kwanza ya mdaiwa ni haya: je, mkopeshaji ana leseni? Na katika kiasi kilichoandikwa kwenye hati ya madai, mkopo wenyewe ni kiasi gani, riba kiasi gani, na faini ya kuchelewa kiasi gani? Asiyeuliza hujikuta akiomba kupunguziwa deni ambalo sehemu yake hakupaswa kudaiwa kabisa.

Mazungumzo hayasimamishi siku za mahakama. Mahakama ya mwanzo hupokea madai ya fedha yasiyozidi shilingi milioni 30, na utaratibu wake ni mwepesi. Kuanzia mahakama ya wilaya, mdaiwa ana siku 21 tangu kupokea wito kuwasilisha utetezi wa maandishi. Anayeambiwa na mkopeshaji "tulia, tutaelewana", akatulia kweli, anaweza kusomewa hukumu ya upande mmoja. Utetezi uwasilishwe hata kama mazungumzo yanakwenda vizuri. Kufanya hivyo si uhasama, na ndiko kunakompa mdaiwa nguvu ya kuzungumza.

Wakati wa kupatana nao una uzito wake. Hakimu anapotoa hukumu ya fedha anaweza, kwa sababu za kutosha, kuamuru deni lilipwe kwa awamu. Hukumu ikishatolewa, awamu zinahitaji ridhaa ya mdai. Mdaiwa anayesubiri mpaka dalali wa mahakama agonge hodi anakuwa ameiacha fursa hiyo mikononi mwa mtu mmoja.

Suluhu inayotekelezeka huanzia kwenye mapato halisi, si kwenye ahadi ya kumridhisha mkopeshaji siku ile. Tuseme deni la shilingi 3,000,000 limepunguzwa hadi 2,200,000. Linaweza kulipwa kwa shilingi 200,000 kila mwezi kwa miezi 11, lakini muuza mboga anayepata fedha kila siku huenda akaona wepesi kulipa 50,000 kila wiki kwa wiki 44. Hati itaje tarehe, akaunti itakayopokea malipo, kusimama kwa riba na faini, na siku dhamana itakaporudishwa, kadi ya benki ikiwemo. Kifungu cha kuchelewa kisomwe kwa makini kuliko vyote. Mkopeshaji hupenda kuandika kwamba awamu moja ikikosekana deni lote la awali linafufuka. Mdaiwa aombe siku 14 za kurekebisha, na kila alichokwisha kulipa kihesabiwe. Malipo ya mkononi bila risiti yaepukwe.

Hati ikishatiwa saini iwasilishwe mahakamani, isajiliwe na kuwa amri. Hapo shauri linafungwa kwa masharti yaliyokubaliwa. Isiposajiliwa, mdai anaweza kuendelea na shauri, na mdaiwa abaki akitafuta mashahidi wa mazungumzo ya simu. Ila amri ya maridhiano haikatiwi rufaa, kwa hiyo asiyeielewa asiisaini. Ni vema pia mdaiwa ajue kwamba nguo za lazima, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, zana za fundi na nyumba anamoishi na familia yake vimekingwa na sheria visikamatwe kukazia hukumu. Anayetishiwa kunyang'anywa godoro hukubali masharti yoyote.

Haya yote yamo katika sheria, lakini hayamfikii mtu anayepokea wito akiwa kwenye kizimba chake cha biashara sokoni, na wateja wanamsubiri. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama, Sheria ya Msaada wa Kisheria ipo tangu 2017, na Arusha ina Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki. Nyenzo hazikosekani.

Mahakama inaombwa kuambatanisha na kila wito wa deni ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi unaoeleza siku za kujibu, haki ya kuomba awamu, ulazima wa kusajili suluhu, na mahali pa kupata msaada wa kisheria bila malipo. Inaombwa pia kila hati ya suluhu isomwe kwa sauti mbele ya mdaiwa, na mkopeshaji wa daraja la pili aoneshe leseni na mchanganuo wa riba, kabla ya hakimu kuisajili. Kazi hii ianzie mahakama za mwanzo za Jiji la Arusha, kwa kuwa ndiko madeni madogo ya sokoni yanakofikishwa.

Mkazi wa Levolosi,
Arusha.