Mpira wa Kumlishia Mtoto Ukiziba

Mtoto akirudishwa nyumbani na mpira wa kumlishia, mama amekwisha kuwa muuguzi. Na baba akiwa lindoni, Kasese au mpakani Bwera, mama huyo hana msaidizi. Mpira ukiziba, asitaharuki.

Kwanza, atazame kama mpira haukupinda. Ikiwa ni wa puani, na alama yake imesogea, asitie kitu. Ampeleke mtoto hospitali.

Pili, amwinue mtoto kichwa. Achukue bomba la sindano kubwa, la mililita 20 au zaidi, kwani dogo husukuma kwa nguvu nyingi na laweza kuupasua mpira. Avute polepole.

Tatu, atie maji vuguvugu yaliyochemshwa, kwa kiasi alichoagizwa na muuguzi. Asukume na kuvuta taratibu, angoje dakika 10, kisha arudie.

Asichokoe kwa waya, wala asitie soda, maana ukali wake hugandisha maziwa. Mtoto akikohoa, akitapika au akivimba tumbo, aache mara moja. Mpira usipozibuka, aende Bwera au Kagando, hata ikiwa usiku. Mtoto mchanga hastahimili njaa na kiu.

Kinga ni bora kuliko tiba. Uji wa ulezi usiochujwa na vidonge visivyosagika ndivyo vizibavyo. Basi mpira na usafishwe kwa maji kabla na baada ya kila chakula na kila dawa.