Roboti ya gramu 150 yaweza kuwa karakana ya shule

Kila uundaji wa roboti unapotajwa katika mikutano ya walimu, aghalabu hoja mbili hutolewa kuupinga. Ya kwanza ni kwamba hiyo ni anasa ya shule za wenye nacho. Ya pili ni kwamba roboti za mapigano, ambazo ndizo vijana wazipendazo zaidi, huwafunza ukatili. Mimi ni mwalimu wa isimu, wala si mhandisi. Lakini nimezipima hoja hizi na kuona kwamba hazina mashiko. Tukiziachia, tutawanyima wanafunzi wa shule za kutwa na za mashambani njia rahisi ya kuigusa sayansi kwa mikono yao.

Tuanze na neno lenyewe. Roboti limetokana na neno la Kicheki robota, lenye maana ya kazi ya shokoa. Karel Čapek alilitumia katika tamthilia yake R.U.R. iliyochapishwa mwaka 1920, na mwenyewe alieleza kwamba aliyempendekezea ni nduguye, Josef. Mashindano ya kupambanisha roboti yalikuja baadaye sana. Mwaka 1994 Mmarekani Marc Thorpe aliandaa shindano la Robot Wars mjini San Francisco. Mwaka 1998 likaanza kuonyeshwa katika televisheni ya BBC nchini Uingereza, na mwaka 2000 Wamarekani wakaanza kutazama BattleBots. Katika BattleBots, roboti za uzito wa juu hufikia kilo 113 hivi. Hizo ndizo zinazowatisha walimu wetu, na ni kweli kwamba gharama yake haibebeki.

Hata hivyo, lipo tabaka jingine ambalo Waingereza wamelipa jina la siafu. Humo kila roboti haina budi kuwa na uzito usiozidi gramu 150, na ienee katika kisanduku cha inchi 4 kila upande, yaani takriban sentimita 10. Chombo hiki hukaa kiganjani. Ukumbi wake wa mapambano ni boksi dogo lenye kuta za plastiki angavu, na ushindi hupatikana kwa kumpindua mwenzio au kumsukumia shimoni.

Je, yahitaji nini? Wengi hudhani kwamba lazima iwe na mota za bei, vidhibiti mwendo na betri za lithiamu. Si lazima. Iko mota ndogo iitwayo sevo, itumiwayo kugeuzia usukani wa ndege za kuchezea, yenye uzito wa gramu 9 hivi. Ndani yake mna mota, gia na saketi ya kuidhibiti. Ikifunguliwa, kizuizi cha gia kikakatwa, na kipima-pembe chake kikabadilishwa kwa vikinzani viwili vilivyo sawa, sevo hiyo huzunguka mfululizo na kuwa mota ya gurudumu. Mbili zatosha kuendesha roboti mbele, nyuma na kando.

Kuhusu umeme, betri nne nyembamba za kuchajiwa, kila moja ikiwa na volti 1.2, zikiunganishwa kwa mfuatano hutoa volti 4.8, kiasi kinachoifaa sevo barabara. Betri za lithiamu ni nyepesi na zina nguvu zaidi, lakini zikichajiwa vibaya au zikitobolewa huweza kuwaka moto. Si vyema kumkabidhi mwanafunzi anayeanza. Sasa natupige hesabu. Sevo mbili ni gramu 18, betri nne ni kama gramu 50, na kipokezi cha mawimbi pamoja na nyaya tukadirie gramu 12. Jumla ni gramu 80. Zimesalia 70 za fremu, magurudumu na silaha. Mwanafunzi aliyekokotoa hivyo amekwisha kujifunza kwamba uzito nao ni bajeti, na kila gramu ina mahali pake.

Fremu yaweza kukatwa kutoka ubao wa plastiki wa kukatia mboga, ambao ni mgumu na haupasuki ovyo. Magurudumu yaweza kutoka katika soli za kandambili kuukuu, kama yale ya magari ya waya ambayo watoto wetu wamekuwa wakiyaunda tangu zamani. Kitu cha bei hasa ni rimoti, lakini hiyo haifi pamoja na roboti. Moja huweza kuhudumia kundi zima mwaka baada ya mwaka. Kidole kimoja hakivunji chawa: wanafunzi wanne wakishirikiana, mzigo huwa mwepesi.

Silaha ya kuanzia ninayoipendekeza ni kabari. Haizunguki, haikati, wala haihitaji mota. Huingia chini ya adui, ikayainua magurudumu yake, na kwa kuwa hayagusi tena sakafu, yakakosa msuguano wa kuyasukuma. Anayetaka zaidi aongeze sevo ya tatu na kuunda wenzo wa kupindulia. Visahani vinavyozunguka kwa kasi tuviache kwanza, kwa sababu kasi ya kisahani ikiongezeka maradufu, nishati yake huongezeka mara nne. Hapo ndipo kipande kirukacho kinapoweza kumtoa mtu jicho.

Ama kuhusu ukatili, yafaa tukumbuke kwamba ushindani wenye kanuni si jambo geni kwetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi katika karne ya 18 na ya 19, alisifika kwa mashairi ya malumbano, na hadi leo tunayasomesha kwa fahari. Katika mchezo huu binadamu hukaa nje ya boksi, mashine hupimwa uzito na kukaguliwa kabla ya pambano, na sheria huitaka isimame yenyewe pindi mawimbi ya rimoti yanapokatika. Anayeshindwa huenda akakarabati, akachunguza ni waya gani uliochomoka, kisha akarudi. Hiyo ni nidhamu.

Wenye umri wangu wanaukumbuka mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985. Nia yake ya kuwapa vijana stadi za ufundi ilikuwa njema. Lakini wazazi walitwikwa mzigo wa kujenga karakana na kununua vifaa vizito. Shule nyingi hazikumudu, na hatimaye masomo mengi ya aina hiyo yakapunguzwa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, utakumbwa na yaleyale ikiwa tutasubiri maabara kubwa. Karakana ya gramu 150 yaenea katika droo ya meza ya mwalimu.

Kwangu mimi, lipo na la lugha. Wanafunzi wetu hukariri maana ya egemeo, wenzo na msuguano ili wajibu mtihani, kisha wakayasahau kwa kuwa hawakuyatumia. Gia, spana, nati na bolti hayakuenezwa na kamati yoyote. Yalienezwa na mafundi wa jua kali waliokuwa na haja nayo. Istilahi huishi pale penye kazi. Basi kila kundi litakalounda roboti na liandike kwa Kiswahili ripoti ya ukurasa mmoja: lilikata nini, kwa nini, na lilishindwa wapi. Mwalimu wa fizikia na wa Kiswahili waisahihishe pamoja. Hapo tutajua kama lugha yetu inaweza kubeba uhandisi, badala ya kubishana tu makongamanoni.

Nawasihi walimu wakuu watenge saa moja kwa juma na meza moja. Nawasihi wanafunzi wasisubiri kupewa: waanze na sevo mbili na soli ya kandambili. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na cha mvunguni hapa hakiko mbali na mkono.