Mchanga wa Laga Ndio Tangi Letu

Kiangazi kikikaza hapa Sericho, Kaunti ya Isiolo, maji hayatekwi, yanachimbwa. Mto Ewaso Nyiro ukikauka, mfugaji hufukua mchanga mpaka maji yajitokeze, kisha ndoo hupandishwa mkono kwa mkono hadi ngamia wa mwisho anywe. Mchanga ule wa laga, yaani mkondo uliokauka, ndio tangi letu. Jua haliyafikii maji yaliyolala chini yake. Uzoe, na mvua ijayo itapita mbio ituachie mwamba mtupu.

Kwa hiyo nasema waziwazi: kuzoa mchanga wa laga kujengea, huku zege kuukuu likitupwa jalalani, ni kumnyang'anya mfugaji maji. Tazama Nairobi. Mwaka 2018 majengo ya biashara ya Ukay Centre, South End na Taj Mall yaliangushwa. Mwaka 2024, baada ya mafuriko, zikafuata nyumba za kando ya mito Mathare na Mukuru. Ndani ya kifusi kama kile mna mchanga ambao tayari umekausha mto wa watu. Waulize Makueni, waliolazimika kutunga sheria ya kulinda mchanga wao mwaka 2015.

Zege kuukuu lisagwe, litumike badala ya mchanga. Makandarasi watatuambia zege lililosagwa halifai. Huo ni uvivu! Chembe zake zimegandwa na saruji ya zamani, ndiyo maana hunywa maji kuliko mchanga wa mto, na fundi mwenye pupa huishia na zege dhaifu. Fundi makini huzichekecha, huzilowesha kwanza, hupima maji upya, tena huzitia badala ya sehemu tu ya mchanga. Nguzo za ghorofa tumwachie mhandisi na maabara yake. Lakini bloku za ukuta, sakafu, kingo za barabara, mitaro? Hapo hakuna kisingizio.

Wala sisemi kifusi cha Nairobi kisafirishwe hadi huku. Nairobi isage chake, nasi tusage chetu: kalvati zilizovunjwa na mafuriko, misingi ya majengo yaliyobomolewa, mabaki ya kazi za barabara.

Kaunti ya Isiolo iandike sharti la kutumia zege lililosagwa katika kila zabuni ya ujenzi, na malipo yazuiwe kwa atakayelikiuka. Lori lolote lisishuke lagani kabla wazee wa dedha, wanaosimamia malisho, hawajaulizwa. Nawe kijana wa Sericho unayeahidiwa vibarua vya kupakia mchanga, kataa. Mifugo ya baba yako itayahitaji maji hayo Septemba.